Kimeo cha Yoeli na Ukurasa Unaoandikwa na Yeyote

Kasulu, Jumapili, Novemba 2014

Mvua imetupiga tangu asubuhi, sasa imebaki kudondoka tu kwenye bati. Yoeli amelala. Nimeweka mkono kifuani kwake mara nyingi mpaka binti yangu Anitha ananicheka. Anapumua vizuri. Leo moyo wangu umetulia, ndiyo maana naweza kushika simu nikaandika.

Wiki iliyopita haikuwa hivi.

Yoeli wangu, ambaye hajafikisha hata mwaka, alikuwa anakohoa mpaka anatapika. Baba yao yuko Manyovu anapakia mizigo kwenye magari, kwa hiyo nilimpigia mama mkwe huko Rungwe Mpya, naye akaja na neno moja: kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia kooni kimerefuka, kinamkwaruza mtoto, kikatwe. Mzee anayekata angefika siku ya gulio. Watoto wote wa mama mkwe walikatwa, na mume wangu naye alikatwa, na kweli mume wangu yu mzima na chakula hakimshindi.

Mimi niliishia darasa la nne. Nitabishana na nani? Lakini kile kisu nilikuwa nakiona hata nikifumba macho.

Anitha yuko kidato cha pili. Ndiye aliyenifungulia hata hii blogu. Tukiwa barazani tunachambua maharage, alifungua ile kamusi elezo ya mtandaoni akatusomea polepole. Iliandikwa kwamba kukata kimeo hakuponyi kikohozi, kwamba mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, na kwamba apelekwe hospitali. Nilisikia raha, kama mtu amenitetea mbele za watu.

Mama mkwe akauliza nani kaandika hayo. Daktari?

Anitha hajui kudanganya. Akasema pale yeyote anaweza kuandika.

"Yeyote? Basi hata mimi, mke mwenzangu," bibi yake akamtania, akacheka mpaka ungo ukatikisika.

Raha yangu yote ikaisha. Nilijiona mjinga. Nimeshikilia maneno ya mtu nisiyemjua, labda naye ni mwanafunzi kama Anitha, na mwanangu anakohoa.

Anitha akafungua mahali pengine, akamwonyesha bibi yake jinsi watu wanavyorekebishana: huyu kaandika, yule kafuta, mwingine anauliza umeyatoa wapi hayo. Mama mkwe akaitazama simu, akautazama ungo. Akasema kumbe ni kama sisi hapa, maharage yakipita kwangu natoa jiwe, yakifika kwako unatoa lile nililoliacha.

Kisha akaongeza, "Lakini kuna mawe yanafanana na maharage."

Hapo Anitha akaiweka simu chini.

Sijui nilipata wapi nguvu. Nikamwambia, mama, gulio bado, twende kwanza hospitali tukaulize kama hili ni jiwe au ni haragwe. Wakisema ni kimeo, nitamshika mtoto mimi mwenyewe akikatwa.

Nilisema hivyo huku naogopa. Maana kama wangesema ni kimeo, je?

Muuguzi hakuanza na koo. Alimvua Yoeli nguo akamtazama kifua, akatuonyesha jinsi pale chini ya mbavu palivyokuwa panabonyea kila akivuta pumzi. Nimonia. Akasema tumefanya vema kutosubiri. Mama mkwe akauliza kuhusu kimeo, kwa heshima lakini akauliza. Muuguzi akammulika mtoto kooni kwa tochi, akamwita naye achungulie. Kilikuwa kidogo tu, kimetulia mahali pake.

Tulilazwa, dawa zikafanya kazi. Mama mkwe ndiye aliyekuwa analeta uji. Kimeo hakukitaja tena, ila siku ya gulio alikwenda mwenyewe kumwambia yule mzee asije.

Juzi tulipotoka, akamtaka Anitha amwandikie na yeye maneno yake kule kwenye kamusi. Anitha akaandika. Jana kutazama, yamefutwa. Eti hayana chanzo.

"Chanzo? Si mimi hapa," mama mkwe akasema.

Anitha akamweleza kwamba kule haitoshi mtu kusema nimeona. Nilidhani atakasirika, maana namjua. Yeye akasema, "Basi hao wanachambua kweli."

Nimecheka tangu jana. Kusomewa hakukumshawishi, kufutwa ndiko kumemshawishi.

Lakini yale maneno yake yaliyofutwa yamenikaa moyoni, nayaweka hapa, mama mwenzangu unayesoma: mtoto akikohoa na kifua kinabonyea, usimtafute mkata kimeo, kimbia hospitali. Bibi wa Rungwe Mpya ameona.

Hapa kwangu hakuna wa kuyafuta. Na chanzo chenyewe kimesinzia pale mkekani, kando ya Yoeli, kinakoroma.