Shati la Kato

Jumatatu, 3 Machi

Mayai yamechemka, nimeyapanga kwenye ndoo, chumvi na pilipili pembeni. Kato kaondoka kwenda stendi ya Nyegezi. Shati jeupe, vifungo vyote kafunga mwenyewe. Akirudi atanieleza kawaamkia nani na nani. Mwanangu ana miaka ishirini na minne na anaamkia kila kiumbe. Hata mbuzi wa Mama Neema jirani anapewa shikamoo yake.

Mvua imetanda tu, hainyeshi. Goti linauma.

Mchana simu kutoka mfuko wa pensheni. Sauti ya binti, mpole mno. Nikajua hakuna heri. Niende kuchukua barua.

Jumanne, 4 Machi

Barua nimeisoma, nimeirudia, haijabadilika.

Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa kiwanda cha samaki. Walimkata michango mpaka alipokufa. Pensheni ya mtoto hukoma akifika miaka ishirini na moja, isipokuwa awe mlemavu asiyeweza kujitegemea. Kato amelipwa kwa kifungu hicho. Sasa wanasema mtumishi wao kanunua yai kwake pale stendi. Kwa hiyo anafanya biashara. Kwa hiyo anajitegemea. Kwa hiyo tangu afikishe ishirini na moja tumelipwa tusichostahili, na huenda tukatakiwa kurudisha chote. Tuje kwenye mahojiano tarehe ishirini. Daktari atakuwepo.

Kurudisha nini? Kilishaliwa. Kilishakuwa kodi ya nyumba na dawa zake za kifafa.

Na mtumishi huyo yai alilila, akafuta mdomo, ndipo akaenda kuandika!

Biashara gani. Kato hajui chenji. Wapiga debe wanatumbukiza pesa wenyewe kwenye kopo na kujirudishia wenyewe. Siku wakiamua kumwibia atawashukuru.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Kato hakutaka nimfute usoni, kalala nayo. Nimeomba sana. Sijui hasa nimeomba nini.

Jumanne, 11 Machi

Mama Neema kaja na ushauri. Ni Msukuma asiyezunguka maneno. "Dada, wakimwona hivi alivyo, umekwisha. Siku hiyo akae kama gogo. Asijue kitu."

Nimemfukuza. Nimemwambia na maneno ambayo mtu hasemi Kwaresima.

Halafu nimekaa jikoni nikiwaza vifungo. Vilinichukua miaka. Nilianza na koti la baba yake kwa sababu vifungo vyake ni vikubwa na vidole vya Kato vilikuwa havikamati. Alilia, nililia, tukala, tukaanza upya. Siku alipofunga cha kwanza, baba yake alitoka nje akakaa juu ya tofali akalia kama mtu aliyefiwa, kumbe furaha. Watu wana mashamba na nyumba za kuonyesha. Mimi nina hivyo vifungo.

Ijumaa, 14 Machi

Mwenye nyumba kapita. Kauliza hali tu, lakini kaangalia sana bati na mlango. Sijalala vizuri tangu barua ije. Nikifa mimi, Kato atabaki na pensheni hiyo tu. Hana mwingine.

Jumatatu, 17 Machi

Nimempelekea Mama Neema mkungu wa ndizi na kuomba radhi. Hakuuliza kitu. Kapokea.

Jioni nimeanza. Nimemwambia Kato kwamba huko ofisini hajui kitu. Wakimuuliza jina, hajui. Wakimwambia afunge shati, hajui. Kaniuliza, "Na shikamoo sijui?" Nikasema hujui. Alinitazama kama nimemwambia hana kichwa.

Tukajaribu. Nilimwambia afunge, akafunga haraka kwa furaha, maana siku zote akifunga ninampongeza. Nikampiga kibao mkononi. Kidogo tu. Lakini nimempiga mkono uleule.

Jumatano, 19 Machi

Ameshika somo. Ananishangaza. Miaka ya kujua, siku mbili za kutojua.

Alhamisi, 20 Machi

Tumetoka ofisini saa sita. Naandika kabla sijavua viatu.

Walikuwa wawili, binti wa kwenye simu na daktari mzee mwenye miwani. Binti kanikaribisha vizuri, mama huku, mama pole. Kato kaingia, hakumwamkia mtu. Mzee kasubiri shikamoo, haikuja, akafungua faili.

Jina? Kato kanitazama mimi. Unaishi wapi? Kanitazama mimi. Daktari akamfungua kifungo kimoja cha shati, akamwomba akifunge. Kato akaikalia mikono yake. Akaikalia yote miwili, akabana macho, jasho linamtoka. Kumbe kutojua ni kazi ngumu kuliko kujua. Daktari akamwambia basi, pole, akakifunga yeye.

Mimi nikaulizwa kama nyumbani yuko hivyohivyo. Nikasema ndiyo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imetoka nyumbani Mkolani mpaka mjini na kurudi, na bado sijaifikia mwisho.

Nimemnunulia soda. Hakuinywa mpaka nilipomshikia chupa.

Ijumaa, 28 Machi

Binti kapiga simu. Hatudaiwi. Pensheni inaendelea. Nimepiga magoti palepale uani.

Halafu akaongeza, kwa upole wake uleule, kwamba jambo lilikuwa limekwisha kabla hatujafika. Walikwenda stendi, wakawauliza wapiga debe, nao wakaeleza jinsi wanavyojihudumia mayai na kumlindia kopo. Faili liliandikwa siku hiyo. Mahojiano yalikuwa ya kukamilisha utaratibu. "Hata angefunga shati lake, mama, lisingebadilika kitu."

Nilishukuru. Nikakata simu. Sikumbuki nilipika nini.

Sikuwaamini kwamba wangeweza kuona. Hilo ndilo kosa langu, na sitalisingizia umaskini. Nilidhani mwanangu anafichika.

Jumapili, 6 Aprili

Kato hajafunga kifungo tangu siku ile ya ofisini. Asubuhi anavaa shati, anasimama mbele yangu, mikono kaiweka nyuma, ananingoja. Nimembembeleza, nimeimba, nimemwonyesha kwenye koti la baba yake. Anakalia mikono. Ndoo ya mayai haishiki. Mpiga debe mmoja kaja mpaka nyumbani kumuulizia, Kato hakumwamkia. Yule kijana kaondoka ameinamisha kichwa.

Mbuzi wa Mama Neema anapita mbele yake, hapewi shikamoo yake.

Nimeungama kwa padri. Kanipa sala za malipizi. Nimezisali zote. Hazikufika kwenye vifungo.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Mvua ya alfajiri, kisha jua. Mama Neema katukatia makuti mawili.

Nilimpa Kato shati jeupe, akalivaa, akasimama mbele yangu kama kawaida. Nikanyoosha mkono nianze na kifungo cha juu. Akarudi nyuma hatua moja. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, leo najua?"

Nikamwambia unajua, baba. Leo unajua, na kesho unajua.

Alikwenda kwanza mlangoni, akachungulia njiani huku na huku kama kuna mtu wa ofisi. Hakukuwa na mtu. Akarudi, akainamisha kichwa, akafunga kimoja. Kakikosea tundu, upande mmoja wa shati umekuwa mrefu. Vingine kaniachia.

Sikukirekebisha. Tumekwenda kanisani hivyo.