Mabenchi ya Shirika Si Malewa

Mabanga, Goma
Jumanne, tarehe 11 Juni 2024

Mpendwa Yaya Patricia,

Gisubizo ametoka sasa hivi kutumbukiza mukono wote ndani ya beseni ya unga, akajipakaa uso muzima, halafu akasimama wima mbele yangu kama mutu anayepigwa picha ya pasipoti. Nimecheka mpaka nimekosa nguvu ya kumufokea. Ukiona karatasi hii ina unga, ujue ni mutoto wako anakusalimu.

Habari ya Kampala, yaya yangu? Mugongo unaendeleaje, bado unakusumbua ukikaa sana kwenye mashine ya kushona? Papa Twagirimana na watoto wanaamka muzuri? Sisi huku tupo, Mungu anatulinda. Gisubizo alikuwa na kikohozi lakini kimekwisha, sasa anakula kama askari.

Nakuandikia kwa mukono sababu nyumba yetu ni ya mbao. Nikikutumia sauti kwenye simu, Shemeji Valentin anasikia kila neno, na maneno ya leo yanamuhusu yeye.

Unajua tangu bwana yangu Florent aende kutafuta kazi Walikale, mimi na mutoto tunakaa kwenye kiwanja cha Valentin, kaka yake. Hapo uani nilijenga furu ya pipa, naoka mikate ya maziwa. Valentin hakuipenda kamwe. Kwake biashara ni kibanda sokoni, ya nyumbani anaita michezo ya wanawake. Lakini yaya, sokoni nitalipa pango la kibanda, kila asubuhi nitalipa kodi ya siku, niuze nisiuze, na Gisubizo nitamuachia nani? Hapa nyumbani nina patenti yangu tu, ile ruhusa ya mufanyabiashara mudogo, nalipa mara moja kwa mwaka, basi. Makaa yanayooka mikate ndiyo yanaivisha na maharage yetu. Kinachobaki kinabaki kwangu. Hiyo ndiyo faida yake, na asije mutu kuniambia haipo.

Sasa sikiliza. Ndani kwangu kuna mabenchi ya shirika letu la kanisa, sababu sala ya Ijumaa inafanyika kwangu. Asubuhi wamama wa Kanyaruchinya wanaochukua mikate kwenda kuiuza kwenye kambi ya wakimbizi wanayakalia, wakingoja ipoe. Juma lililopita akaingia mutu wa kodi. Akasalimu muzuri, akakaa nao. Unajua namna mama alitulea, mugeni hatoki na mudomo mukavu. Nikamupa chai na mukate wa moto. Akaomba wa pili, nikamupa. Alipomaliza kupangusa midomo akaandika kwamba naendesha malewa! Kwamba nalisha watu wamekaa, kwa hiyo patenti yangu haifai, nilipe kama wenye nyumba za chakula.

Nikamuuliza, "Papa, hiyo chai umeilipa ngapi?"

"Nilipe nini? Si umenikaribisha, mama?"

"Sasa ni malewa ya wapi, watu wanakula bure?"

Wamama wakapiga makofi. Yeye akasema mabenchi yanajisemea yenyewe, akachukua mufuko wake, akaenda.

Valentin aliposikia, alifoka mpaka majirani wakatoka. "Nilikuambia! Wewe ndiye umejiandikisha, umewaita watu wa kodi kwenye kiwanja changu! Wakikuandika malewa, furu naibomoa mimi mwenyewe, na chumba chako nakipangisha." Akataka nifiche pipa nyuma ya choo, niseme nimeacha kuoka. Nikamuambia, "Shemeji, nilijiandikisha ili nisifiche kitu. Sifichi."

Yaya, usifikiri mimi ni chuma. Lakini nikifunga furu, naenda wapi na huyu mutoto? Nikae kwenye mulango wa Valentin kungoja sahani?

Basi jana nilifunga Gisubizo mugongoni, nikaenda kwa Mama Ange, kiongozi wa shirika letu. Unamukumbuka, yule mwenye sauti inayoamsha mutaa. Tukapakiza mabenchi yote juu ya chikudu cha mbao cha kusukuma, wamama nyuma, tukashika njia ya biro ya kodi. Watu wakaona vyombo barabarani wakaanza kuuliza, "Wamama, volkano imetoka tena? Tukimbie?" Mama Ange akawajibu, "Kaeni! Tunamupelekea shefu wa kodi malewa aionje!"

Shefu alitoka nje. Akaangalia mabenchi, akatuangalia sisi. Nikamuambia, "Shefu, ndiyo hii malewa niliyoandikiwa. Haina sahani, haina sufuria. Ina jina la shirika, liko hapo pembeni, soma mwenyewe." Mama Ange akakaa juu ya benchi, akaanzisha wimbo wa Ijumaa, wamama wakaitikia. Hata walinzi wakaitikia! Shefu akasema, "Basi, basi, wamama, nimeelewa." Akasema mutu anayeoka kwake na kuuza mikate ya kubeba si malewa. Lakini ataleta mutu mwingine leo aone kwa macho yake. Huyo akikubali, patenti yangu inabaki vile ilivyo. Akikataa, furu inaanguka.

Kwa hiyo leo nimeoka kama siku zote. Sikupunguza hata mukate mumoja.

Na wewe, yaya, na mashine yako: ulizia huko kwenu sheria inamupa nini mutu anayeshona nyumbani. Usingoje mutu akufanyie huruma, uliza. Wakikuambia kazi ya nyumbani si kazi, waambie wakuje wakae na mugongo wako siku moja.

Nisalimie sana Papa Twagirimana, na Bénita, mwambie shangazi... eh, mama mudogo wake anataka kuona picha ya shule. Mwambie Zéphirin asante kwa kukufikishia hii barua kwenye gari lake. Mungu aweke nguvu kwenye mugongo wako na kazi isiyokatika kwenye mikono yako.

Mudogo wako anayekupenda kila siku,
Munezero

N.B. Yaya, sijakunja hata karatasi, mutu wa shefu amefika. Valentin yuko kwenye mulango anamuambia mimi nimesafiri, hapa hakuna anayeoka, na harufu ya mikate imejaa kiwanja kizima! Mutu mwenyewe anaita kwa sauti, "Munezero ni nani hapa? Atoke!" Ni mimi. Natoka, mutoto mukononi, nitamuambia mwenye furu ni mimi, mwenye patenti ni mimi, na kama Valentin ananikana, mikate yangu yenyewe itanitolea ushahidi.