Ukuta wa Korido

Kilosa,
Machi 1996

Kaka yangu mpendwa Lupakisyo,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wifi Yunis na watoto wote hapo Dar es Salaam. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mvua imetushika kweli kweli. Mto Mkondoa umejaa, na njia ya kutoka Mikumi ina matope mpaka nimefika hapa kwa mama juu ya lori la mahindi, mtu mzima mimi na heshima zangu. Shemeji yako Evance anakuamkia. Kibanda chetu cha chakula pale barabarani Mikumi kinaendelea vizuri. Madereva wa malori wanakula kama vile kesho hawatakula tena.

Barua yako nimeipata. Umesema Pasaka ikipita utaleta lori la tofali na mafundi kutoka Morogoro, nyumba ya mama ibomolewe, ijengwe nyingine ya kisasa yenye madirisha ya vioo na choo cha ndani. Umesema siku hizi kila kitu kimejaa madukani, saruji haiombwi tena kwa kibali, na ni aibu mtu mwenye duka Kariakoo mama yake alale kwenye mawe ya Mgiriki. Kaka, moyo wako naujua, na wala sikatai kwamba unampenda mama. Lakini nakuomba usiibomoe. Na tafadhali isome barua mpaka mwisho kabla hujafoka, maana wewe ukisoma nusu tu, nusu nyingine unaijaza mwenyewe.

Kwanza, mawe yale si ya Mgiriki. Mgiriki mwenye shamba la mkonge aliamrisha tu. Aliyeyabeba kichwani kutoka mlimani ni babu yetu, alipokuja kutoka Rungwe kukata mkonge, na Mgiriki alipoondoka baba akainunua nyumba kwake. Umesahau mwaka ule mto ulipofurika? Nyumba za udongo zote za mtaa huu zilikwenda na maji, na nusu ya majirani walilala ukumbini kwetu. Mwaka jana alikuja bwana mmoja wa mambo ya kale, akazipapasa kuta, akapiga picha, akamwambia mama kwamba nyumba kama hii ni hazina na lazima itunzwe. Akanywa chai yetu, akaondoka, na hadi leo hajaleta hata msumari. Basi nikaona kama ni kutunza, tutatunza wenyewe.

Nikafanya hila, kaka. Nilijisemea kwamba ukiikuta nyumba inang'aa, hutakuwa na sababu ya kuibomoa. Nikamwita fundi Mwinshehe wa Magole, akatoa mabati yaliyooza, akabadilisha mbao za paa zilizoliwa na mchwa. Kisha nikamwonyesha ile korido ndefu ya kutoka chumbani kwa mama kwenda jikoni, ambayo tangu tuzaliwe mawe yake yako wazi, mengine yametokeza, mengine yameingia ndani, nikamwambia aipige yote plasta ya saruji iwe laini kama sahani. Mama alisema korido iachwe. Nikamuuliza kwa nini, akasema basi tu. Nikadhani ni uzee na ubishi wake ule, nikampuuza. Mwinshehe alifanya kazi nzuri sana, Mungu anisamehe. Akapaka na rangi ya maziwa, akawa anawaita wapita njia waje waguse. Akarudi kwake Magole akijisifu, na mimi nikarudi Mikumi nikijiona nina akili.

Jumamosi iliyofuata nilikuja, nikawa jikoni nachekecha unga. Mama akatoka chumbani, akaweka mkono ukutani kama kawaida yake, halafu akasimama. Akapapasa juu, akapapasa chini. Akatembea kidogo, akarudi nyuma. Nikadhani anaikagua kazi, nikamuuliza kwa sauti kama imependeza. Badala ya kuja jikoni akaingia stoo, akasimama mbele ya magunia akiyashikashika, kisha akauliza kwa Kinyakyusa, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, hapo alipo ni nyumbani kwa nani.

Kaka, mama haoni. Haoni kabisa, na si jambo la jana. Ni presha ya macho. Jirani Hildegarda ndiye aliyempeleka hospitali ya Berega kimya kimya, na daktari alimweleza bila kumficha kwamba macho yameshakufa, hayatarudi. Mimi ninayekuja kila baada ya wiki mbili nilikuwa sijui, na wewe ulikuwa hujui. Yale magoti aliyosingizia ili Hildegarda amshike mkono kwenda kanisani, yalikuwa macho. Krismasi ulipomwonyesha ramani ya nyumba mpya akaishika juu chini, akasema ni nzuri sana, nasi tukacheka tukasema mama hajasoma ramani, yalikuwa macho. Nimelia mpaka nimechoka.

Nilipotulia alinieleza. Katika korido ile kuna jiwe lililochongoka kama kiwiko, hapo ndipo mlango wa stoo. Likifuata lile lenye shimo, mbele yake ni ngazi ya jikoni. Karibu na mlango wa nje mawe ni ya baridi hata mchana. Hivyo ndivyo anavyokwenda kuwasha moto, kuchota maji, kulisha kuku, bila kumwomba mtu. Mimi kwa plasta yangu nilimpofusha mara ya pili. Siku hiyo hiyo nilituma ujumbe Magole, na Mwinshehe akaja na tindo. Alinung'unika sana kaka, akasema tangu ashike mwiko hajawahi kulipwa ili aharibu kazi yake mwenyewe. Nilipomwambia sababu akavua kofia, akabandua plasta yote taratibu asiumize mawe. Sasa anaziba nyufa tu, kwa chokaa na mchanga, na kila jiwe analiacha uso wake nje. Mama anakaa kwenye kigoda akimsikiliza, na fundi akimaliza sehemu mama anakwenda kuikagua kwa mkono.

Aliniapisha nisikwambie. Anaogopa ukijua utamchukua Dar, utamketisha kwenye kochi zuri, awekewe msichana wa kumshika mkono hadi chooni. Alisema yeye humu ndani si kipofu. Siku atakayotolewa humu ndiyo siku atakayokuwa kipofu, na nyumba mpya hapa hapa ni sawa na kutolewa. Nimekivunja kiapo kwa sababu lori lako li karibu kuja, na ningekaa kimya ungeyabomoa macho yake kwa mapenzi yako yote. Akijua nimekwambia atanikasirikia mno. Bora anikasirikie.

Kwa hiyo nakuomba, tofali ziuze. Ukiweza tuletee chokaa ya kutosha, na mabati ya upande wa jikoni ambako bado panavuja. Hicho choo cha ndani kijenge, ila mlango wake uanzie mwisho wa ukuta huo huo wa mawe, na usihamishe kiti wala mtungi bila kumuuliza. Ukifika usianze kulia. Msogelee, mwamkie, mwache akushike uso kama anavyofanya siku hizi, nawe ujifanye hujui kitu hadi aseme mwenyewe.

Wasalimie sana wifi na watoto, umbusu yule mdogo kwa niaba yangu. Hildegarda na majirani wote wanakusalimu. Mama naye anakusalimu kwa upendo mwingi. Anajua nakuandikia habari za mabati. Ameniagiza nikwambie kwamba chumba chako cha zamani kiko tayari. Amekifagia mwenyewe asubuhi hii, na shuka ametandika mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Tumwagile