Kilo Saba Zilizotupwa

Tarehe 9 Februari

Baba, shikamoo.

Mgongo umetulia? Mama hajambo? Mimi mzima, ila kazi haziishi.

Nakutumia mizani niliyoiunda mwenyewe. Daktari alisema ukishuka chini ya kilo sitini na saba urudi hospitali mara moja, basi ipande kila asubuhi. Ndani mna chipu ndogo kama ukucha, ya bei poa. Haijui desimali. Inajua namba kamili tu, nusu na robo inazitupa. Siku ya kwanza itachukua uzito wako ulivyo. Baada ya hapo, kila ukipanda, inatazama umetofautiana kiasi gani na namba yake ya jana, inagawa tofauti hiyo kwa nane, na kusogea kipande hicho tu. Nimefanya hivyo ili ukinywa maji mengi isirukeruke. Usianze kubishana nayo.

Mwanao

Tarehe 21 Machi

Mwanangu, marahaba.

Sisi tupo, mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Mizani ilifika salama. Siku ya kwanza ilisema 71. Leo 71. Mama yako anashikilia kwamba nimekonda, na kweli suruali ya kijivu nimeipunguza kiuno mara mbili. Nikamwambia, binti yangu kasomea haya mambo, wewe umesomea wapi? Kaninunia siku mbili, chai najipikia. Hospitali sijaenda, ya nini na mashine inasema mzima?

Baba yako

Tarehe 2 Aprili

Baba, shikamoo.

Leo salamu ni fupi. Simu yenu nimeipiga mara sita haipatikani, ndiyo maana barua hii inakuja na basi la asubuhi.

Ninayo mizani nyingine kama yako. Nilipanda, nikashuka, nikapanda tena na mfuko wa unga wa kilo mbili. Namba ile ile. Nikaongeza mpaka kilo saba, haikutikisika. Saba ukiigawa kwa nane haifiki moja, na kisichofika moja chipu inakitupa. Kesho inatupa tena. Ungeweza kupungua kilo saba nzima nayo ikasema 71 vile vile. Ningehesabu kwa gramu, na masalio ya leo nikayabeba hadi kesho, isingetokea. Mtoto wa mwaka wa kwanza chuoni anajua hilo. Nilikuwa na haraka, Baba. Kosa ni langu.

Chomoa betri, hesabu hadi ishirini, irudishe. Itaanza upya na kusema kweli. Ikiwa chini ya sitini na saba, nenda hospitali leo leo.

Mwanao

Tarehe 9 Aprili

Baba, mbona kimya? Dereva kasema barua alikukabidhi mkononi. Simu bado. Nijibu hata neno moja jamani.

Mwanao

Tarehe 11 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Betri niliichomoa siku ile ile. Ikasema 64. Nikaisukuma mizani uvunguni, simu nilikuwa nimeshaizima tangu mwisho wa mwezi usije ukaniuliza, nikarudi kwenye cherehani kana kwamba sijaona kitu. Juzi mama yako akifua akaikuta barua yako kwenye mfuko wa shati. Jana alfajiri akanishika mkono mpaka hospitali.

Ni uvimbe tumboni. Daktari anasema ingekuwa rahisi kuukata mwezi mmoja uliopita. Sasa watajaribu, Jumatatu.

Naona unajilaumu kwa hesabu yako. Acha. Nimepima viuno vya watu miaka arobaini, changu ningekosaje kukijua? Nilijua tangu nilipoipunguza suruali mara ya kwanza. Ila nilikuwa natafuta wa kuniambia sina kitu, na mashine yako ikaniambia, tena kila asubuhi. Mama yako nilimkejeli makusudi ili anyamaze. Nimemwomba radhi, nawe nakuomba.

Naogopa, mwanangu. Njoo kabla ya Jumatatu.

Baba yako