Mwana wa Hawa, wa Kampung Nibung

Alhamisi, Julai 2017

Baridi ya Joburg leo imeingia mpaka kwenye mifupa, na mimi sina kazi ya kwenda. Mzee Idris tumemzika jana.

Nilimtunza miaka miwili katika fleti yake kule Randburg. Nilimpikia, nikampa dawa, na zaidi ya yote nikamsikiliza. Alikuwa Mmalai, mpishi wa meli aliyeshuka Durban ujanani akaoa huku huku. Mkewe alishafariki. Mwanawe wa pekee yuko Kanada.

Hadithi yake ilikuwa moja: kijiji chao cha wavuvi, Kampung Nibung. Kampung kwao ni kijiji. Nibung ni mti wa jamii ya mchikichi, mwembamba, wenye miiba, na shina lake haliliwi upesi na maji ya chumvi. Wazee wake walifika na mashua, wakaikuta miti hiyo mdomoni mwa mto, wakaikata na kuisimika matopeni. Kwanza ukawa uzio wa kunasia samaki, kisha nguzo za nyumba juu ya maji. Jina likatoka hapo. Wapo waliodai Nibung alikuwa nahodha. Ukimtajia huyo nahodha, mzee anasusa chai.

Bahari ile ilijazwa mchanga, yakajengwa matangi ya mafuta. Siku hizi Kampung Nibung ni jina la kituo cha basi.

Mwanawe nilikuwa namsema kimoyomoyo. Mwacha asili ni mtumwa.

Jana shehe alipokuja kumchukua, aliuliza jina la mama wa marehemu. Kaburi likishafukiwa, msoma talakini humwita maiti kwa jina lake na la mama yake, amkumbushe atakayoyajibu. Mwanawe akasema kwenye simu kwamba yeye alimwita bibi tu. Wote wakanigeukia.

Sikujua.

Uzio wa samaki niliujua nguzo kwa nguzo. Mwanamke aliyemzaa yule mzee sikuwahi kumuulizia.

"Basi tutasema mwana wa Hawa," shehe akasema kwa upole. "Sote ni wana wa Hawa, dada."

Ni kweli, na dini inaruhusu. Wakaondoka naye, nikabaki nakunja mashuka.

Jioni hiyo nilirudi kwangu Yeoville nikamkalisha binti yangu. Amezaliwa hapa; Kiswahili anakisikia, anajibu kwa Kiingereza. Nikamwambia bibi yake aliitwa Zaituni, na kwamba alinizalia Karombo, kijiji cha wavuvi wa ndagala, yaani dagaa, kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi. Akayarudia majina yote mawili vizuri kabisa. Nilifurahi mno.

Halafu akaniuliza, safari hii kwa Kiswahili: "Eish, mama, kwa nini kinaitwa Karombo?"

Mama angejua. Alifia katika kambi ya wakimbizi Tanzania mimi nikiwa huku, na kwenye simu tulikuwa tunaongea mvua na bei ya unga. Kijiji kilichomwa moto. Waliosalia wametawanyika, sina namba ya hata mmoja.

Nilimwambia nitamweleza kesho.