Beti Nilizoghani Mlimani

Ko! Ko! Ko! Nasikia fimbo kwenye mawe nyuma yangu. Nageuka: mama mkwe! Mama mkwe mwenyewe ananipita kwenye mbio za familia yao za kupanda mlima!

Si unajua wikendi hii niko na wakwe, nangoja jibu la posa? Basi nikajitia bingwa, nikapanda mlima mbio huku nikighani beti zangu. Kumbe huko juu hewa ni haba, pumzi ya kubembeleza. Ubeti wa pili tu, nikaanguka chini!

Akanishika mkono. Mama mkwe, ndugu yangu, ambaye kwa mila hata kumgusa ni mwiko, mkono! "Nyamaza, mwanangu. Pumua kwanza."

Tumemaliza wa mwisho, ananikokota. Baba mkwe anacheka mpaka machozi: "Binti tumekupa. Ila harusini utaghani tena?"

Nikajibu kwa sauti, wote wakisikia: "Nakuahidi, baba. Ubeti mmoja tu, tena nimekaa."