Maganda ya Bunduki ya Solveig

Tamarack, Montana
4 Agosti

Lisbet, mke wangu mdogo,

U mzima huko Spokane? Mkate unauzika? Mimi mzima, ila magoti yana mambo yao, na masikio ndiyo yananiaga. Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu nasikia nyuki tu.

Nimeshusha bunduki ya marehemu bibi yako ukutani. Umesema msimu huu utakuja kuwinda kwa mara ya kwanza, na wewe unajua: nyumba hii kulungu wa kwanza huangushwa kwa bunduki ya Solveig. Mama yako alifanya hivyo, mjomba wako pia. Taabu ni maganda ya risasi, yale ya shaba. Risasi zake madukani hakuna siku hizi, najaza mwenyewe baruti kwenye maganda yaliyokwisha kupigwa, mezani kwangu, na maganda niliyobakiwa nayo yote yamepasuka shingo. Tumeyapiga na kuyajaza mno. Mapya ni bei ya ng'ombe!

Nitafutie yaliyotumika, ya bei ya mzee. Nataka kuisikia bunduki ile mara moja zaidi kabla masikio hayajafunga duka.

Babu yako,
Arvid

Spokane
20 Agosti

Babu, shikamoo. Mume mwenyewe hana meno halafu ananituma kama tarishi! Mimi sijambo, mkate unauzika.

Nimezunguka, Babu. Kwenye maonyesho ya bunduki jamaa mmoja aliniuzia mfuko wa maganda mchanganyiko, akaniapia yako yamo. Nimeyachambua jikoni mpaka vidole vikawa vyeusi. Hakuna hata moja.

Basi Jumamosi nikaenda uwanja wa kulenga shabaha. Nikaona maganda yanang'aa kwenye nyasi, saizi yako kabisa! Nikaanza kuokota, natia kwenye kofia. Mara sauti nyuma yangu: "We binti! Kwenu hawakukufunza? Shaba ya mtu haiokotwi bila kuuliza!" Nilitamani ardhi inimeze. Ni bibi mmoja, Wilma Trask, mkongwe kukuzidi, amekumbatia bunduki kama ile ya Bibi. Nikamwomba radhi, nikamweleza habari zetu zote. Kumbe ana kopo zima la kahawa la maganda hayo, la marehemu mumewe.

Lakini hauzi. "Pesa ninazo," akasema. "Niletee kitu kisichouzwa." Nikaropoka habari ya jemu ya Bibi, ile ya matunda ya mlimani. Sasa anataka chupa mbili.

Babu, najua hujaigusa sufuria yake ya jemu tangu msiba. Sema tu, nitamwambia hapana.

Mjukuu wako,
Lisbet

Tamarack
29 Agosti

Lisbet mwizi,

Salama? Mimi salama, mikono imegeuka zambarau. Kuokota shaba ya mtu! Solveig angekufinya sikio mpaka liwe refu kama la punda.

Nilipanda na mbwa, tukagombania matunda na dubu. Sikumwona, lakini kinyesi chake kilikuwa bado cha moto, nami nikachuma haraka. Jemu ya kwanza iliungua. Nikakaa jikoni nikalia, sikufichi. Halafu nikasugua sufuria nikaanza upya, nikikumbuka alivyokuwa akisema, "Arvid, koroga, usisinzie." Ya pili imeganda vizuri.

Chupa hizo hapo. Bi. Wilma wako akisema ina sukari nyingi, shauri yake.

Babu yako

Spokane
15 Septemba

Babu, shikamoo tena.

Bi. Wilma alifungua chupa mlangoni, akachovya kidole, akafumba macho. Akanipa kopo. Nimekagua kila shingo kwenye mwanga kama ulivyonifunza: hakuna ufa hata mmoja! Nakutumia yote.

Anauliza, huyo babu yako ana meno? Nimemwambia matatu, na yote yanang'ata.

Jaza, mume wangu. Msimu ukifunguliwa nipo mlangoni.

Lisbet

Tamarack
3 Novemba

Mjukuu wangu,

Umefika salama? Theluji haikukusumbua njiani? Mimi mzima, ila nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Nyama ya kulungu wako nimekwisha kuigawa. Paja moja ni la Bi. Wilma. Amenirudishia chupa zetu, zimeoshwa, na mojawapo kaijaza maganda. Mtu na adabu zake.

Siku ile uliniuliza mbona ulinikuta nanoa kisu kabla hujanieleza lolote. Niliendelea kunoa tu. Sasa nakujibu.

Ulipopanda kilima nilibaki ndani ya pikapu, kioo nimekishusha, baridi inayatafuna masikio yangu haya mabovu. Si unajua tunavyosema: mlio mmoja, nyama; miwili, labda; mitatu, rudi ukale maharagwe. Nikangoja. Nikaogopa utapiga nisisikie.

Lisbet, niliisikia! Si nyuki, si upepo. Ni yeye kabisa, Solveig wangu, akiniita kutoka mlimani kama zamani nilete kamba ya kumvuta kulungu. Nikangoja mlio wa pili. Kimya. Ndipo nikachukua kisu.

Ganda la risasi yako ile limo humu ndani ya bahasha. Hilo halijazwi tena.

Babu yako, anayesikia,
Arvid